Kanzu 82 za wanawake: uchambuzi wa msako katika kanisa la Cirta, mwaka 303

Tarehe 19 Mei mwaka 303, Munatius Felix, msimamizi wa mji wa Cirta katika Numidia, alifika na makarani wake kwenye nyumba ambayo Wakristo wa mji huo walizoea kukutania. Alikuwa anatekeleza amri ya kaisari. Ndani alimkuta askofu Paulo ameketi na makasisi wake, mashemasi wakiwa wamesimama, na wachimba makaburi wa kanisa nao wapo. Siku hiyo Felix hakufuata roho ya mtu. Alifuata vitabu vya Maandiko na mali ya kanisa, na karani akaandika kila kilichotolewa, kimoja baada ya kingine.

Orodha hiyo tunayo hadi leo, na naiheshimu sana. Wahubiri wetu wakieleza jinsi kanisa la mwanzo lilivyokua, hutaja damu ya wafia dini, kisha huruka moja kwa moja hadi kwa Konstantino. Katikati ya hayo mawili kuna miaka mingi ya siku za kawaida ambazo hakuna aliyeuawa wala kaisari aliyeongoka, na bado watu waliendelea kuingia kanisani. Orodha ya Cirta inatufungulia mlango wa siku hizo.

Cirta ndio mji unaoitwa leo Constantine, kaskazini mashariki mwa Algeria, uliojengwa juu ya mwamba uliozungukwa na korongo la mto Rhumel. Kabla ya Warumi ulikuwa makao ya wafalme wa Numidia, akiwamo Massinissa. Ushahidi wa kwanza wenye tarehe kuhusu Wakristo wa Afrika ya Kirumi ni wa tarehe 17 Julai 180, Wakristo 12 wa Scilli walipohukumiwa kifo huko Karthago. Mmoja wao, Speratus, aliulizwa amebeba nini ndani ya kasha lake, akajibu kuwa ni vitabu na nyaraka za Paulo, mtu mwenye haki. Miaka 76 baadaye, tarehe 1 Septemba 256, Cyprian, askofu wa Karthago, aliitisha mkutano mjini humo na hukumu za maaskofu 87 zikaandikwa, ikiwamo ya Crescens, askofu wa Cirta. Kutoka kikundi cha watu 12 kizimbani hadi maaskofu 87 mkutanoni ni mwendo mkubwa, na wala hatujafika kwa Konstantino.

Yapo makadirio yanayonukuliwa sana, kwamba Wakristo wakiongezeka kwa asilimia 40 kila miaka kumi, wangetoka elfu moja katika mwaka 40 hadi karibu milioni sita kufikia mwaka 300. Ni hesabu ya kukisia, lakini inatusaidia kuona kwamba kanisa lingeweza kufika huko bila umati wa maelfu kubatizwa kwa siku moja kila mwaka. Kwa wastani, katika kila Wakristo 100, ingetosha kuongezeka watatu au wanne kwa mwaka. Kinachobaki ni kujua hao watatu au wanne waliingia kwa mlango upi.

Felix alitumwa kwa sababu ya amri ya kaisari Diocletian. Tarehe 23 Februari 303 askari walibomoa kanisa la Nikomedia, lililosimama mahali pa juu likionekana kutoka ikulu, na kesho yake amri ikabandikwa: makanisa yabomolewe, Maandiko yachomwe, na Wakristo wenye cheo wavuliwe vyeo vyao. Kabla ya hapo kanisa lilikuwa limepata amani ya miaka 40 hivi, tangu kaisari Gallienus aliporudisha nyumba za ibada na makaburi yao. Katika miaka hiyo 40 kanisa lilipata majengo na vyombo, na watumishi wake wakazidi. Waliotunga amri ya mwaka 303 walijua wanapiga wapi. Zamani kaisari Decius aliwalazimisha watu mmoja mmoja watoe sadaka kwa miungu. Diocletian alianza na majengo na vitabu, yaani vitu vinavyoifanya jumuiya ibaki jumuiya hata kiongozi wake akiondoka.

Kilichotolewa ghalani

Hivi ndivyo vilivyoandikwa: kalisi, yaani vikombe vya ibada, mbili za dhahabu na sita za fedha. Mitungi midogo sita ya fedha, chungu kimoja cha fedha, taa saba za fedha. Vinara vifupi saba vya shaba pamoja na taa zake, na taa 11 za shaba zenye minyororo ya kutundikia. Kisha orodha inageuka: kanzu za wanawake 82, mitandio 38, kanzu za wanaume 16, viatu vya wanaume jozi 13, viatu vya wanawake jozi 47.

Tusiharakishe hapo kwenye nguo. Vyombo vya dhahabu na fedha vinatuonyesha kuwa kanisa hili halikuwa fukara, na taa nyingi zinatukumbusha kuwa watu walikutana alfajiri au usiku. Nguo hizi hazikuwa mavazi ya askofu na makasisi wake, maana ni za wanawake kwa sehemu kubwa. Wako waliofikiria kwamba zilikuwa za ubatizo. Hata hivyo, wengi waliochambua hati hii wanaona ni nguo za kuwapa maskini, na naungana nao kwa sababu ya viatu. Huhitaji jozi 47 za viatu vya wanawake kwa ajili ya kushuka majini. Unazihitaji ukiwa na wajane wanaotembea peku katika mji wa milimani wenye baridi kali ya kipupwe.

Tena tuangalie uwiano: kanzu 82 kwa 16. Hata tukikubali kwamba labda za kiume ziligawiwa zaidi wiki iliyotangulia, ghala hili lilipangwa kwa kumfikiria mwanamke. Mjane katika dola la Kirumi asiye na mali wala mtoto wa kiume wa kumtunza alikuwa hatarini, na kanisa lilikuwa na utaratibu wa kumwandikisha na kumhudumia. Barua ya Cornelius, askofu wa Roma, ya mwaka 251, inataja makasisi 46, mashemasi saba, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliolishwa na kanisa la mji huo. Tertullian, mwandishi Mkristo wa Karthago, karibu mwaka 197, alieleza kwamba kila mwezi kila mtu aliweka kiasi alichopenda katika sanduku la pamoja, na kwamba fedha hizo hazikwenda kwenye karamu. Zililisha na kuzika maskini, zikatunza yatima, wazee waliobaki majumbani, na waliovunjikiwa na jahazi baharini. Maelezo ya Tertullian mtu angeweza kuyashuku, maana alikuwa anawatetea ndugu zake. Orodha ya Cirta haitetei mtu. Iliandikwa na karani wa mshtaki.

Ndiyo maana pia nataka msomaji awatazame wale wachimba makaburi. Kadhaa wametajwa kwa majina katika hati, wakihesabiwa pamoja na watumishi wa kanisa. Kuzikwa vizuri lilikuwa jambo zito kwa watu wa dola hilo, na maskini wasio na ndugu walizikwa ovyo. Jumuiya yenye watu wake wa kuchimba kaburi ilimwambia mtu wa hali ya chini kwamba mwili wake hautatupwa. Kwa mtumwa mzee au kibarua mgeni mjini, ahadi hiyo haikuwa ndogo, na haikuhitaji mhubiri hodari kuifafanua.

Matajiri wa Kirumi nao walitoa. Munatius Felix mwenyewe alikuwa kuhani wa kudumu wa ibada ya kaisari, na watu wa cheo kama chake walitarajiwa kutoa fedha kwa ajili ya mji: sanamu, michezo, majengo, karamu za siku kuu. Lakini utoaji ule ulielekea kwa raia wa mji na ulirudisha heshima kwa mtoaji, jina lake likachongwa kwenye jiwe. Jozi 47 za viatu hazina jina la aliyezitoa.

Vitabu havikuwapo kabatini

Baada ya ghala, Felix aliingia chumba cha vitabu. Makabati yalikuwa matupu. Katika chumba cha kulia chakula waliona mapipa manne na mitungi, basi. Aliposema Maandiko yatolewe, shemasi mdogo aitwaye Catullinus alileta kitabu kimoja kikubwa sana. Felix akauliza kwa nini kimoja tu. Catullinus na mwenzake Marcuclius wakajibu kwamba hawana zaidi kwa kuwa wao ni mashemasi wadogo, na wasomaji, yaani watumishi wa kusoma Maandiko ibadani, ndio wanaokaa na vitabu. Wakatakiwa kuwaonyesha wasomaji. Wakasema hawajui wanapokaa. Wakatakiwa basi kutaja majina yao. Jibu lao ni sentensi ninayoipenda kuliko zote katika hati hii: sisi si wasaliti, tupo hapa, amuru tuuawe. Felix akaamuru wakamatwe.

Mwishowe wasomaji walijulikana, na njia yenyewe inatufundisha jambo. Mapema askofu Paulo alikuwa ameshasema kwamba makarani wa ofisi ya mji, Edusius na Junius, wanawafahamu. Makarani wa serikali waliwajua wasomaji wa kanisa na nyumba zao. Wakristo hawa hawakuwa wamejificha mashimoni. Walikuwa majirani wenye kufahamika, na tofauti kati ya ofisi ya mji na kanisa ilikuwa nyembamba kuliko tunavyofikiri tukisoma habari za mateso peke yake.

Msafara ukaanza nyumba hadi nyumba. Kwa Eugenius vikapatikana vitabu vinne. Kwa fundi mmoja aliyeitwa Felix, vitano. Kwa Victorinus vinane, kwa Projectus vikubwa vitano na vidogo viwili. Kwa Victor, mwalimu wa sarufi, vitabu viwili na mafungu manne ya kurasa zisizojalidiwa. Kwa Coddeo mwenyewe hakuwapo, mkewe akatoa sita. Munatius Felix akamwuliza kama hakuna vingine, akasema hakuna. Akamtuma Bos, mtumwa wa mji, aingie ndani apekue. Bos akatoka akasema ametafuta na hakuona kitu.

Zaidi ya vitabu 30 katika mji mmoja wa bara, wakati ambao kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono, si haba hata kidogo. Tena vilikuwa nyumbani kwa watu. Katika nyumba hizo kulikuwa na mtu anayejua kusoma, na kulikuwa na mke, watoto, watumwa na wageni waliosikia akisoma. Karibu mwaka 178 Celsus, mpinzani mkali wa Wakristo, alilalamika kwamba imani hii inapenyezwa majumbani na wafuma sufu, washona viatu na madobi, wakizungumza na wanawake na watoto wakati baba hayupo. Aliandika hayo kwa dharau. Mimi nayasoma kama ushahidi wa shahidi asiyependa kushuhudia. Cirta inaonyesha kitu hichohicho miaka zaidi ya 120 baadaye: imani inakaa nyumba ya fundi, nyumba ya mwalimu, nyumba ya mwanamke aliyeachwa ajibu maswali ya serikali peke yake.

Huyo Victor mwalimu tunamfahamu zaidi, kwa sababu miaka 17 baadaye aliitwa kutoa ushahidi. Aliulizwa hali yake, akasema anafundisha fasihi ya Kirumi, baba yake alikuwa diwani wa mji, babu yake askari, na asili yao ni damu ya Wamauri. Basi katika kanisa moja tuna mtoto wa diwani, wachimba makaburi, wajane wa kuvishwa, na fundi wa kufua nguo tutakayekutana naye sasa hivi. Mahali pengi mjini pasingewaweka watu hao mezani pamoja.

Askofu aliyetoa, na kanisa lililobaki

Askofu Paulo alitoa mali. Silvanus, shemasi mdogo, alitoa kasha la fedha na taa ya fedha baada ya orodha kuu kukamilika, akisema ameviona nyuma ya mtungi. Mmoja wa waliokuwapo alimwambia kwamba asingeviona, angekuwa maiti. Inawezekana kabisa hofu ilikuwa ya kweli. Simlaumu mtu aliyetetemeka mbele ya dola, lakini pia sioni sababu ya kuficha kwamba siku ile viongozi wakubwa wa kanisa la Cirta hawakuwa mashujaa. Waliokuwa imara walikuwa mashemasi wadogo wawili.

Na hapa ndipo kisa hiki kinapotusaidia kupima ule usemi wa Tertullian kwamba damu ya Wakristo ni mbegu. Ni usemi wa kweli kwa Karthago na kwa miji mingine mingi, na ujasiri wa mashahidi uliwagusa waliotazama. Lakini Cirta mwaka 303 kiongozi alishindwa, vyombo vikachukuliwa, vitabu vikaondoka, na kanisa halikufa. Wokovu wake haukutokana na ushujaa wa askofu. Lilibaki kwa sababu uzito wake ulikuwa umegawanywa katika nyumba nyingi na mikono mingi. Waliosoma waliendelea kujua walichosoma. Waliovishwa walimjua aliyewavisha.

Mwanzoni mwa miaka iliyofuata, karibu mwaka 305, maaskofu wa Numidia walikutana Cirta chini ya Secundus wa Tigisi, na Silvanus akafanywa askofu mahali pa Paulo. Watu wa kanisa walipinga. Mashahidi walikuja kusema kwamba waumini walipaza sauti wakitaka mtu mwingine, mwenyeji wa mji na mwenye sifa njema, si huyu aliyekabidhi vitu vya kanisa, na kwamba waumini hao walifungiwa ndani wakati wengine wakimbeba Silvanus. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha waumini wa kawaida wenye msimamo, wanaojua kilichotokea ghalani tarehe 19 Mei na wanaokataa kusahau.

Tuna hati yote hii kwa sababu ya aibu hiyo. Mwaka 320 shemasi Nundinarius aligombana na askofu wake Silvanus, akampeleka mbele ya Zenophilus, mkuu wa jimbo la Numidia, na kumbukumbu za msako wa mwaka 303 zikasomwa mahakamani tarehe 13 Desemba. Wakati huo mji ulikuwa umeshapewa jina la Constantina, na magomvi kuhusu waliokabidhi Maandiko yalikuwa yamelipasua kanisa la Afrika katika pande mbili, mpasuko uliodumu zaidi ya miaka mia moja. Hilo ni somo refu, na si la leo.

Linalonihusu ni mashtaka yenyewe. Silvanus alishtakiwa kwamba alikabidhi kasha na taa. Alishtakiwa kwamba alimpa Victor, fundi wa kufua nguo, ukasisi kwa malipo. Na alishtakiwa kuhusu fedha za Lucilla, mwanamke tajiri wa Karthago, aliyetoa fedha za Kirumi follis 400 ambazo maaskofu waligawana. Kuhusu shtaka hilo mashahidi waliulizwa swali lilelile tena na tena: je, maskini walipata chochote? Shemasi mmoja aitwaye Castus alijibu kwamba hakumwona mtu yeyote akipokea kitu. Zenophilus akaona jambo limethibitika, na Silvanus akapelekwa uhamishoni.

Tazama lilivyoulizwa swali hilo, mbele ya mkuu wa jimbo, kama jambo ambalo kila mtu ukumbini anaelewa uzito wake. Hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini fedha zilizoingia kanisani zingepaswa kuwafikia wajane. Yalikuwa mazoea ya watu walioishi na ghala lile kwa miaka, na karibu mwaka 253, Cyprian alipopata habari kwamba Wakristo wametekwa nyara Numidia, kanisa la Karthago lilichanga sarafu za Kirumi, sesterti 100,000, na kuwatumia maaskofu wa huko ili wawakomboe. Mazoea hayo yalienea hadi wapinzani wakayaonea wivu. Mwaka 362 kaisari Julian, aliyejaribu kurudisha ibada za miungu, alimwandikia kuhani mkuu wa Galatia kwamba ni aibu Wagalilaya, ndivyo alivyowaita, kulisha maskini wao na maskini wetu pia, ilhali watu wetu hawapati msaada kutoka kwetu. Akaagiza nyumba za wageni zijengwe katika kila mji na akatenga vipimo vya Kirumi, modii 30,000, vya nafaka kila mwaka kwa ajili ya Galatia.

Julian alikuwa na nafaka, hazina na majeshi, na alitawala miezi kama 20 tu, kwa hiyo si haki kusema mpango wake ulipimwa ukashindwa. Lakini alichotaka kukianzisha kwa agizo, kanisa la Cirta lilikuwa nacho kabla hata Konstantino hajawa kaisari, katika mji wa jimbo, chini ya askofu dhaifu, kikiwa kimehesabiwa na karani: kanzu 82, mitandio 38, viatu jozi 60.